Jinsi ya kuepuka kugongana na ndege nyingine kwenye uwanja usio na mnara

Kazi yangu ni kufundisha urubani wa ndege ndogo, na sehemu kubwa ya masomo yangu hufanyika kwenye viwanja visivyo na mnara wa kuongozea ndege. Mwanafunzi aliyeanzia kwenye uwanja wenye mnara akija huku mara ya kwanza, utamwona anasubiri sauti imwambie yeye ni wa pili kutua, amfuate yule aliye mbele. Sauti hiyo haipo. Marubani wenyewe ndio wanaopangana, na kila mmoja anapaswa kujua nani yuko wapi kabla hajaamua la kufanya.

Mambo mawili nayasisitiza kuliko mengine yote. La kwanza, kaa pale ambapo wenzako wanatazamia kukuona. La pili, tazama nje kana kwamba redio haijawahi kubuniwa. Yote ninayoeleza hapa ni namna ya kuyatekeleza hayo mawili.

Kwanza ujue hatari iko wapi. Wanafunzi wengi hudhani ndege hugongana mawinguni au usiku. Kwa ndege ndogo mambo ni kinyume. Ajali nyingi za kugongana angani hutokea mchana, anga likiwa safi, karibu na uwanja usio na mnara, chini ya futi 1,000 kutoka ardhini. Sababu yake haina fumbo: siku nzuri huwatoa marubani wengi nyumbani, na wote mwisho wa safari huelekea kwenye kipande kimoja chembamba cha hewa kilicho mbele ya njia ya kurukia. Anga ni pana, ila fainali, yaani mstari wa mwisho wa kutua, ni nyembamba.

Anza kazi ukiwa mbali

Kabla ya kuondoka, soma taarifa za uwanja unaokwenda. Unatafuta masafa ya redio, kimo cha saketi (mzunguko wa ndege kuuzunguka uwanja), na upande ambao ndege hugeukia. Kanuni ya kawaida ni kona zote kupigwa kushoto, isipokuwa uwanja umetangaza vinginevyo kwa sababu ya mlima, makazi au njia nyingine ya kurukia. Kimo cha kawaida kwa ndege ndogo za injini ya pistoni ni futi 1,000 juu ya uwanja. Ndege kubwa na za injini ya tabaini mara nyingi huzunguka kwenye futi 1,500. Angalia pia kama kuna wanaoruka kwa miavuli, glaida au helikopta, kwa kuwa hao hawatafuata mstari mnaoufuata ninyi. Glaida haina injini ya kuirudisha juu, na kwa kanuni ndiyo inayopewa njia.

Fungua masafa ya uwanja mapema na usikilize tu. Nawataka wanafunzi wangu wachore mstari mmoja kwenye karatasi iliyofungwa pajani, uwe ndiyo njia ya kurukia, na kila wanaposikia ndege waweke nukta mahali ilipojitaja. Ikisikika tena, nukta inahama. Mwanzoni huwasumbua, mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine unatafuta penseli, lakini baada ya muda karatasi haihitajiki tena. Picha inakuwa kichwani. Anayefika maili 5 kutoka uwanjani bila picha hiyo nampeleka pembeni tukazunguke hadi aipate. Haraka ya kutua haijawahi kuwa sababu ya kutosha ya kuingia saketi ukiwa hujui nani yumo.

Washa taa za kutulia ukiwa kama maili 10, hata kama jua linawaka. Shuka hadi kimo cha saketi kabla ya kuingia, usishuke ukiwa ndani yake. Ndege inayoshuka haioni vizuri kilicho chini ya pua yake, na mara nyingi kilichoko hapo chini ni mwenzako aliyetulia kwenye kimo chake halali.

Redio: sema nini, na usiitegemee kwa nini

Jitangaze ukiwa maili 10, kisha unapoingia saketi, na kwenye kila mkono wake: daunwindi, yaani mkono unaokwenda sambamba na njia ya kurukia upepo ukiwa nyuma yako, beisi, kona ya kuelekea kwenye mstari wa kutua, na fainali, mstari wenyewe. Taja jina la uwanja, aina ya ndege na namba yake, mahali ulipo, kimo, unachokusudia, kisha jina la uwanja tena. Jina linarudiwa kwa sababu viwanja kadhaa hutumia masafa yaleyale, na anayefungua redio katikati ya sentensi yako anapaswa kujua unaongelea uwanja gani. Tuseme uwanja unaitwa Bondeni na wanatua kwenye njia 09, kona za kushoto: "Bondeni, Cessna 152," ukataja namba yako, "maili tano kaskazini mashariki, kimo cha saketi, naingia daunwindi ya kushoto njia sifuri tisa, Bondeni." Ukitaka kuongeza kuwa ndege yako ni nyeupe yenye mstari mwekundu, ongeza, inamsaidia anayekutafuta. Usiache tu aina na namba ukabaki na rangi peke yake.

Taja mahali ambapo kila mtu anaweza kupaelewa. Rubani anayefanya mazoezi ya kutua kwa kufuata vyombo vya ndani ya ndege hupenda kutaja jina la kituo kilichoandikwa kwenye chati yake. Mwanafunzi anayeruka peke yake kwa macho hajui jina hilo liko upande gani wa dunia. Sema maili na upande wa dira.

Kuna tabia moja ambayo sitaki kuisikia kabisa: kuingia kwenye masafa na kuwataka watu wote waliopo eneo hilo wajitangaze. Wakiitikia watatu kwa pamoja, utasikia mluzi tu. Mwongozo wa mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, nao unasema kauli hiyo isitumike. Ukisikiliza mapema, majibu utakuwa nayo bila kuuliza.

Sasa la muhimu zaidi. Redio ni msaada, siyo uthibitisho. Tarehe 19 Novemba 1996, kwenye uwanja usio na mnara wa Quincy, jimbo la Illinois, ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900 ilikuwa inatua kwenye njia 13. Kwenye njia 04, inayokatiza ile ya kwanza, kulikuwa na King Air, ndege ya injini mbili, tayari kuruka, na nyuma yake Cherokee, ndege ndogo ya injini moja, ikisubiri zamu. Marubani wa Beechcraft waliuliza kwenye redio kama King Air itasubiri. King Air haikujibu. Aliyejibu ni rubani wa Cherokee, na sehemu ya maneno yake ilifunikwa na sauti ya kifaa cha tahadhari ndani ya Beechcraft kikitaja kimo. Marubani wakaamini kuwa King Air ndiyo imejibu na inawasubiri. King Air ikaanza kukimbia. Zilikutana pale njia zinapokatizana, na watu wote 14 wa ndege hizo mbili walikufa.

Nawasimulia wanafunzi wangu kisa hiki hatua kwa hatua, kwa sababu waliouliza walifanya jambo jema. Waliuliza na sauti ikawajibu. Kilichokosekana ni kuhakikisha ni nani anayejibu. Kwa hiyo ukipata jibu linaloamua usalama wako, hakikisha limekuja na namba ya ndege uliyoiuliza. Kama halikuja nayo, hujajibiwa. Uliza tena, au ongeza moto uondoke.

Tena kumbuka kuwa sehemu nyingi ndege isiyo na redio kabisa ina haki ya kutumia uwanja kama huu. Redio inaweza pia kuwa imeharibika, au imewekwa kwenye masafa ya uwanja uliopita, au sauti yake imepunguzwa. Ukimya wa masafa haumaanishi kuwa anga ni tupu.

Kuingia kwenye saketi

Njia ninayoifundisha ni ya kuingia daunwindi kwa pembe ya digrii 45, ukilenga katikati ya urefu wa njia ya kurukia, ukiwa tayari kwenye kimo cha saketi. Uzuri wake ni kwamba walio kwenye daunwindi unawaona wote kupitia kioo cha mbele, na wao wanajua watazame wapi kukutafuta.

Ukitokea upande wa pili wa uwanja, usiukate mzunguko katikati kwenye kimo chake. Vuka juu ya katikati ya uwanja ukiwa angalau futi 500 juu ya kimo cha saketi. Kama ndege za tabaini zinatumia uwanja huo, futi 500 zitakuweka sawasawa kwenye kimo chao, kwa hiyo vuka kwenye futi 2,000 juu ya ardhi. Ukiwa juu hapo, tazama mfuko wa kuonyesha upepo na uhesabu ndege zilizo chini yako. Endelea kama maili 2 hadi uwe umeachana kabisa na saketi, ndipo ushuke na kugeuka kurudi kwa ile digrii 45. Wanafunzi wenye haraka huanza kushuka wakiwa bado juu ya daunwindi. Huko ni kuteremka juu ya vichwa vya watu.

Uingereza wana utaratibu wao: huvuka juu ya uwanja kwenye futi 2,000, wakashuka upande usio na saketi, kisha wakakatiza juu ya mwisho wa njia ya kurukia kuingia daunwindi. Nao ni mzuri. Kizuri zaidi ni ule unaofuatwa na wenyeji wa uwanja unaokwenda, kwa kuwa wao ndio watakaokutafuta kwa macho, na watakutafuta pale wanapopajua.

Kuhusu kwenda moja kwa moja fainali kutoka mbali, sehemu nyingi hakujakatazwa. Ila anayefanya hivyo hana kipaumbele juu ya waliomo kwenye saketi, na anapaswa kujipanga asiwavuruge. Watsonville, California, tarehe 18 Agosti 2022, Cessna 152 ilikuwa inazunguka saketi, mtu mmoja ndani. Cessna 340 ya injini mbili ilikuwa inakuja moja kwa moja kutoka mbali. Wote wawili walikuwa wanajitangaza kwenye masafa yaleyale. Ile ya injini mbili ilikuwa inakwenda karibu noti 180, yaani zaidi ya kilomita 330 kwa saa, mwendo mkubwa mno kwa ndege iliyo karibu kutua. Rubani wa 152 alitambua kuwa mwenzake yuko nyuma na anakuja kasi, akatangaza kuwa anaahirisha kutua. Hakuupata muda. Watu watatu walikufa. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilisema chanzo ni rubani wa ndege ya injini mbili kushindwa kuiona na kuikwepa ndege ndogo.

Kama unakuja moja kwa moja, punguza mwendo mapema, taja umbali wako kila baada ya maili chache, na kama bado hujaiona kwa macho ndege iliyo kwenye beisi, toka kwenye mstari. Na wewe uliye kwenye saketi, ukisikia mtu yuko maili tatu fainali, usifanye hesabu kwa mwendo wa ndege yako. Maili tatu kwa noti 90 ni dakika mbili. Kwa noti 180 ni dakika moja, na beisi yako peke yake inaweza kuimaliza. Mwenye ndege kubwa amtambue mdogo, na mdogo asione haya kurefusha daunwindi hadi mkubwa apite.

Macho

FAA ina hesabu ninayoifundisha kwa moyo. Kutoka jicho linapoona kitu hadi ndege inapobadili mwelekeo hupita kama sekunde 12.5. Kukitambua kuwa ni ndege ni sekunde moja, kugundua kuwa mnaelekea kugongana ni tano, kuamua ni nne. Mkono wenyewe huchukua chini ya nusu sekunde, na ndege kama mbili kuitikia. Sasa chukua ndege mbili zinazoelekeana, kila moja noti 90. Kwa sekunde hizo zitakuwa zimekaribiana zaidi ya mita 1,100. Kwa hiyo unapaswa kuiona ikiwa bado huko. Mabawa ya Cessna 152 yana upana wa mita 10 hivi. Kutoka umbali huo upana wake machoni ni kama wa mwezi mpevu, isipokuwa huoni duara, unaona mstari mwembamba. Ndiyo maana kutupa jicho mara moja kushoto na mara moja kulia hakutoshi.

Gawa anga vipande vya digrii 10, na kila kipande kipe angalau sekunde moja jicho likiwa limetulia. Jicho linalofagia bila kusimama haligundui kitu kidogo. Kila baada ya muda, tazama kitu cha mbali ardhini, kwa sababu jicho likitazama anga tupu hulegea na kulenga karibu.

Ndege inayohama kwenye kioo chako, kwenda mbele au kurudi nyuma, kwa kawaida itakupita. Ya kuogopa ni ile isiyohama. Inakaa palepale kwenye kioo, haiendi popote, halafu ghafla inakua. Hiyo ndiyo iliyo kwenye mstari wa kukugonga. Na kwa kuwa jicho hupenda kitu kinachosogea, hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kuonwa. Basi sogeza kichwa, na usogeze ndege pia: nguzo ya kioo inaweza kuficha ndege nzima.

Ujue ndege yako inakuficha nini. Mabawa ya juu huficha upande unaogeukia, kwa hiyo inua bawa kidogo utazame kabla ya kupiga kona. Mabawa ya chini huficha kilicho chini yako. Ukiweka ya mabawa ya chini juu, na ya mabawa ya juu chini, zote zikishuka fainali, hakuna anayemwona mwenzake. Kabla ya kugeuka kutoka beisi kwenda fainali, tazama kwanza upande usio wako, kule kwenye mstari mrefu anakotokea mtu wa moja kwa moja, na utazame juu na chini ya mstari. Hapo ndipo sitaki mtu atazame kitu chochote ndani ya chumba cha rubani.

Skrini za kuonyesha ndege nyingine kwa ADS-B, mfumo ambao ndege hujitangazia mahali ilipo, zinasaidia sana ukiwa maili 10. Zitakuambia utazame wapi. Ndani ya saketi ziache. Si kila ndege ina kifaa cha kujitangaza, na picha unayoiona inaweza kuwa imechelewa kidogo. Kuchelewa kidogo kwenye fainali ni umbali mkubwa.

Kupeana nafasi

Kanuni za kimataifa zinasema anayetua ana haki juu ya walio angani na ardhini, na kati ya wawili wanaotua, aliye chini ndiye wa kwanza. Lakini kanuni hiyohiyo inamkataza aliye chini kuitumia kumkata mwenzake mbele au kumpita. Ukiwa na kasi kuliko aliye mbele, punguza mwendo au refusha daunwindi, na utangaze kuwa umerefusha. Usizunguke duara ndani ya saketi; aliye nyuma yako hakutegemei umgeukie usoni.

Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja ageuke kulia. Mkikatizana, mwenye mwenzake upande wa kulia ndiye anayempisha.

Kuahirisha kutua ni uamuzi wa kawaida, na nautaka ufanyike mapema. Kama kuna ndege kwenye njia ya kurukia, panda huku ukijisogeza upande usio na saketi ili uendelee kuiona. Ukipanda moja kwa moja juu ya ndege inayoruka chini yako, umeipoteza, nayo inapanda kukufuata.

Kuruka

Kabla ya kuingia njia ya kurukia, zungusha ndege yako hadi uone fainali na beisi kwa macho, na utazame pia mwisho wa pili, maana upepo ukiwa mdogo kuna anayeweza kutua kutoka huko. Kama njia zinakatizana, zitazame zote. Kisha tangaza, ingia, ruka. Usikae juu ya mstari ukirekebisha mambo ambayo ungeyamaliza pembeni.

Usikate kona ya kwanza hadi uwe umepita mwisho wa njia ya kurukia na umebakiza si zaidi ya futi 300 kufikia kimo cha saketi. Kama unaondoka kabisa, nenda moja kwa moja, au toka kwa digrii 45 upande wa saketi baada ya kufikia kimo chake, na useme unakoelekea. Usibadilishe masafa mara tu unapoliacha eneo. Baki ukisikiliza hadi maili 10, kwa sababu hapo ndipo anayekuja anaanza kujitangaza, na huenda anakuja kwenye kimo ulichopo wewe.